Kuhamisha, Kunakili au Kufuatisha? Kupima Zana za Kupeleka Faili kwenye Linux na Istilahi Zake, kwa Mfano wa Webuye

IKISIRI

Makala haya yanafafanua namna ya kupima zana nne za kupeleka faili mtandaoni, yaani ftp, scp, sftp na rsync, kwenye mfumo endeshi wa Linux. Baada ya hapo, vipimo hivyo hivyo vinatumiwa kuzipima istilahi za Kiswahili zinazozieleza zana hizo. Mfano uliochukuliwa ni wa mwanafunzi wa fasihi simulizi aliye Webuye, anayelazimika kuzifikisha rekodi zake Bungoma na Kitale. Hoja kuu ni kwamba istilahi ya kitaalamu haitoshi kuwa fasaha masikioni. Sharti imwezeshe mtumiaji kujua ni nini kitakachobaki kwenye tarakilishi yake, na ni nini kitakachofika upande wa pili, baada ya amri kutekelezwa. Istilahi isiyopita kipimo hicho yaweza kupoteza data ambayo haipatikani tena.

1.0 Utangulizi

Webuye, mji wa Kaunti ya Bungoma uliojulikana zamani kwa jina la Broderick Falls, uko pale ambapo barabara itokayo Kakamega kwenda Kitale hukutana na barabara kuu ya Nairobi hadi Malaba. Kwa miongo kadhaa mji huu ulisifika kwa kiwanda cha karatasi cha Pan African Paper Mills, kilichofungwa mwaka 2009. Kwa mwenyeji wa mji kama huu, maneno mengi ya tarakilishi yalikuwa na maana zilizoshikika mkononi kabla ya kuingia kwenye kioo cha mashine. Faili ni jalada la karatasi ofisini. Kupakia ni kuweka magunia ya mahindi kwenye lori, na kupakua ni kuyashusha, au kutoa ugali chunguni na kuuweka sahanini.

Katika vitendo hivyo vyote kuna jambo moja la msingi: kitu kikitoka mahali, mahali pale hubaki patupu. Gunia lililoshushwa Kitale haliko tena Webuye. Jalada lililopelekwa Bungoma halimo tena kabatini. Faili ya tarakilishi haifuati kanuni hiyo. Ikipelekwa Bungoma kwa njia ya mtandao, ile ya Webuye hubaki palepale ilipokuwa. Kinachosafiri ni nakala.

Tofauti hii yaweza kuonekana ndogo hadi inapomkuta mtu mwenye kitu cha thamani. Chukua mwanafunzi anayerekodi khuswala kumuse, yaani hotuba ya maombolezo ambayo mnenaji maalumu wa Kibukusu huitoa baada ya mazishi ya mzee. Hotuba hiyo haitolewi mara ya pili kwa ajili ya kinasasauti. Ikiwa mwanafunzi huyo ataambiwa na programu kwamba faili yake "imehamishwa", kisha akafuta kilichobaki kwenye kinasasauti ili apate nafasi, na hali nakala iliyofika ni nusu, basi hakuna amri ya Linux itakayoirudisha. Hapo kosa la istilahi huwa kosa la utafiti.

2.0 Linux na Kiswahili: Usuli kwa Muhtasari

Mfumo endeshi ni programu kuu inayozisimamia programu nyingine na vifaa vya tarakilishi. Katika ofisi na vyuo vingi vya Afrika Mashariki, mfumo uliozoeleka ni Windows wa kampuni ya Microsoft. Linux ni mfumo mbadala. Kiini chake kilianzishwa na Linus Torvalds nchini Finland mwaka 1991, na kikaungana na zana za mradi wa GNU uliotangazwa na Richard Stallman mwaka 1983. Mfumo huu ni huria: mtu yeyote anaruhusiwa kuutumia, kuuchunguza, kuubadilisha na kuusambaza. Moja ya matoleo yake mashuhuri ni Ubuntu, lililotoka kwa mara ya kwanza Oktoba 2004. Jina hilo ni la lugha za Kinguni za kusini mwa Afrika, na lina shina moja na neno utu la Kiswahili.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili, faida ya programu huria haikomei kwenye bei. Kwa kuwa matini ya programu hizo yako wazi, wanaisimu wanaweza kuyatafsiri bila kungoja idhini ya kampuni. Mfano mzuri ni mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambao mwaka 2004 ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Katika miaka hiyo hiyo Microsoft nayo ilishughulikia faharasa ya Kiswahili kwa ajili ya bidhaa zake. Kwa hiyo istilahi za tarakilishi zilipata msukumo kutoka pande mbili kwa wakati mmoja.

Hata hivyo, kazi nyingi ya wakati huo ilielekezwa kwenye menyu za kuandikia barua na kupangia majedwali. Eneo la kupeleka faili mtandaoni, ambalo hutumia amri na jumbe fupi za makosa, halikupata uangalizi wa kiwango hicho. Ndiyo sababu linafaa kwa somo hili.

3.0 Zana Zinazopimwa

Zana ya kwanza ni ftp. Itifaki yake ni kongwe: maelezo ya awali yaliandikwa na Abhay Bhushan mwezi Aprili 1971, na kanuni zilizotumika kwa muda mrefu zaidi zikatolewa Oktoba 1985. Ilibuniwa wakati ambapo waliounganishwa mtandaoni walikuwa wachache na walioaminiana. Kwa sababu hiyo, jina la mtumiaji na nywila yake husafiri kwa maandishi ya wazi, kama barua isiyo na bahasha. Mwaka 2021 vivinjari vya Firefox na Chrome viliacha kuiauni itifaki hii.

Zana ya pili na ya tatu, scp na sftp, hupita ndani ya itifaki ya SSH. Itifaki hiyo ilibuniwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, baada ya nywila kudukuliwa katika mtandao wa chuo chake. SSH husimba kila kinachopita, hivi kwamba anayechungulia njiani hukuta herufi zisizo na maana. Zana ya scp hutumika kwa amri moja fupi, ilhali sftp humpa mtumiaji kikao ambamo anaweza kutazama saraka, kuchukua faili na kuweka faili. Tangu toleo la 9.0 la OpenSSH, lililotoka mwaka 2022, scp yenyewe hutumia itifaki ya sftp isipoagizwa vinginevyo.

Zana ya nne ni rsync, iliyotolewa mwaka 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras wa Australia. Upekee wake ni kwamba hulinganisha kilicho upande huu na kilicho upande wa pili, kisha hupeleka sehemu zilizotofautiana tu. Mtafiti aliyeongeza ukurasa mmoja katika tasnifu ya kurasa mia tatu halazimiki kuipeleka yote upya.

4.0 Namna ya Kupima

Kipimo cha zana huanza katika chumba kimoja, si baina ya miji. Tarakilishi mbili zenye Linux huunganishwa kwa waya au kwa kifaa cha mtandao usiotumia waya. Moja huwekewa programu ya kupokea, ambayo katika Ubuntu huitwa openssh-server. Hiyo ndiyo seva. Nyingine ni mteja. Zana ikishindwa katika chumba kimoja, hakuna haja ya kuulaumu mtandao wa Webuye wala wa Kitale. Ikifaulu chumbani na kushindwa baina ya miji, mpimaji anajua kwamba tatizo liko njiani. Baada ya maandalizi hayo, majaribio manne yafuatayo hufanywa kwa faili ya majaribio, kamwe si kwa rekodi ya pekee.

4.1 Jaribio la Mabaki

Swali la kwanza ni: baada ya amri kutekelezwa, nini kimebaki mahali pa asili? Mpimaji aandike amri kama hii:

scp kumuse.wav mwanafunzi@10.0.0.2:

Kisha aandike ls -l ili kuorodhesha yaliyomo katika saraka yake. Faili kumuse.wav itakuwa bado ipo. Jibu ni hilo hilo kwa ftp, sftp na rsync katika matumizi yake ya kawaida. Sasa alinganishe na amri mbili zinazofanya kazi ndani ya tarakilishi moja: cp huacha faili ya asili na kutengeneza nyingine, ilhali mv huiondoa ilipokuwa na kuiweka mahali papya. Linux yenyewe, basi, imetenganisha matendo mawili ambayo mazungumzo ya kawaida huyachanganya. Zana nne zinazopimwa ziko upande wa cp.

4.2 Jaribio la Uaminifu

Swali la pili ni: je, kilichofika ni kile kile kilichotoka? Hatua ya kwanza ni kulinganisha ukubwa kwa baiti, lakini haitoshi, kwani faili mbili zenye ukubwa sawa zaweza kutofautiana ndani. Kipimo cha kuaminika ni alama ya uhakiki. Amri sha256sum kumuse.wav huisoma faili yote na kutoa mfuatano wa tarakimu na herufi 64. Amri hiyo hiyo hutekelezwa upande wa pili. Mifuatano ikilingana herufi kwa herufi, nakala ni sahihi. Ikitofautiana hata kwa herufi moja, nakala si sahihi, hata kama jina na ukubwa vinafanana.

Jaribio hili hufichua tabia ya kale ya ftp. Zana hiyo ina modi mbili: ya matini na ya baiti. Katika modi ya matini, alama za mwisho wa mstari hubadilishwa ili zilingane na desturi ya mfumo unaopokea. Windows huweka baiti mbili mwishoni mwa mstari, Linux huweka moja. Kwa shairi lililoandikwa, mabadiliko hayo hayana madhara. Kwa rekodi ya sauti, yaweza kuharibu faili nzima, kwa sababu baiti zinazofanana na mwisho wa mstari zimo pia ndani ya sauti. Baadhi ya seva huipuuza modi ya matini kwa makusudi ili kuzuia uharibifu huo, na nyingine haziipuuzi. Mpimaji asikisie, apime.

Majina ya faili nayo yapimwe, na hapa Kiswahili kina jaribu lake. Faili iitwayo ng'ombe.wav ina ritifaa. Katika dirisha la amri la Linux, alama hiyo hufungua mtajo. Anayeandika scp ng'ombe.wav bila tahadhari atashangaa kuona mashine haifanyi lolote: imetoa alama ya > na inangoja ritifaa nyingine ya kufunga. Dawa ni kuliweka jina lote ndani ya alama za mtajo za mistari miwili: "ng'ombe.wav". Aidha, Linux hutofautisha herufi kubwa na ndogo, Methali.wav na methali.wav ni faili mbili. Zikipelekwa kwenye tarakilishi ya Windows, moja yaweza kuifuta nyingine.

4.3 Jaribio la Kukatika

Swali la tatu linahusu hali halisi ya umeme na mtandao. Kabla ya kulijibu, yafaa kupiga hesabu. Rekodi ya saa moja, ya mkondo mmoja wa sauti, yenye sampuli 44,100 kwa sekunde na baiti 2 kwa kila sampuli, ina baiti 317,520,000. Kasi ya mtandao hutajwa kwa biti, na baiti moja ni biti 8. Njia ya megabiti 1 kwa sekunde hupitisha baiti 125,000 kwa sekunde, hivyo rekodi hiyo huhitaji dakika 42 hivi, endapo njia haitumiwi na mwingine. Kwa modemu ya simu ya kilobiti 56, kasi iliyokuwa ya kawaida kabla ya nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS kufika Mombasa mwaka 2009, rekodi ile ile ingehitaji zaidi ya saa 12 na nusu.

Sasa mpimaji aanze kupeleka faili kubwa, kisha auchomoe waya kabla ya kazi kuisha. Akiunganisha tena na kurudia amri ya scp, zana hiyo itaanza mwanzo. Aliyekatikiwa katika dakika ya 40 kati ya 42 amepoteza dakika 40, na fedha za data alizolipia. Zana ya sftp ina amri za kuendeleza kazi iliyokatika, nazo ni reget na reput. Kwa rsync, nyongeza ya --partial huhifadhi kipande kilichokwisha kufika, na amri inaporudiwa kipande hicho hutumiwa badala ya kutupwa. Kwa mtu aliye mahali ambapo umeme hukatika, sifa hii ina uzito kuliko kasi.

4.4 Jaribio la Usiri

Swali la nne ni: nani mwingine anaweza kusoma kinachopita? Katika mtandao wa majaribio unaomilikiwa na mpimaji mwenyewe, na kwa idhini ya wote wanaoutumia, programu ya tcpdump huonyesha kinachopita njiani. Kwa ftp, neno PASS huonekana, na mara baada yake nywila kamili. Kwa scp, sftp na rsync inayopita ndani ya SSH, hakuna kinachosomeka. Mtafiti aliyewaahidi wazee wa Misikhu au Kiminini kwamba majina yao hayatafichuliwa hawezi kuitimiza ahadi hiyo kwa ftp, hata awe mwaminifu namna gani.

5.0 Istilahi Mbele ya Vipimo

Baada ya kuzipima zana, vipimo vile vile vielekezwe kwa maneno.

5.1 Kuhamisha, Kuhawilisha, Kutuma

Neno kuhamisha hushindwa katika jaribio la mabaki. Kuhama ni kuacha pahali. Aliyehama Webuye kwenda Kitale haishi tena Webuye. Neno hilo lamfaa mv, wala halizifai zana nne zilizojadiliwa. Neno kuhawilisha lina hadhi ya kitaalamu na asili ya Kiarabu iliyo pia katika hawala, lakini katika masuala ya fedha na umiliki nalo hubeba dhana ya kitu kutoka mkononi mwa mmoja na kuingia mkononi mwa mwingine.

Neno kutuma lina hali ya kuvutia zaidi. Tangu huduma ya M-Pesa ianze nchini Kenya Machi 2007, kutuma pesa kwa simu ni kauli ya kila siku. Aliyetuma shilingi 500 hana tena hizo 500. Lakini mtu huyo huyo akituma picha kwa simu hiyo hiyo, picha bado anayo. Wazungumzaji hawachanganyikiwi, kwa kuwa kitu kinachotumwa ndicho huamua maana. Hata hivyo, mwanafunzi anayekutana na faili kwa mara ya kwanza bado hajui kama faili ni jamii ya pesa au jamii ya picha. Anahitaji kuelezwa.

Kauli inayopita jaribio la mabaki ni kupeleka nakala. Ni ya Kiswahili cha kawaida, haihitaji kamusi, na inabainisha kwamba asili imebaki. Ubaya wake ni urefu. Katika kitufe chenye nafasi finyu, tuma nakala yaweza kutosha.

5.2 Kusawazisha na Kufuatisha

Kwa kazi ya rsync, neno ambalo humjia mtu haraka ni kusawazisha. Kusawazisha ni kupunguza panapozidi na kuongeza panapopungua, hata pande zote mbili ziwe sawa. Mtumiaji atarajie, basi, kwamba faili zilizoko Bungoma tu zitakuja Webuye, na zilizoko Webuye tu zitakwenda Bungoma. Rsync haifanyi hivyo. Kazi yake ni ya upande mmoja: asili huamua, nakala hutii. Tena kuna nyongeza ya --delete, ambayo huagiza kwamba chochote kilichoko upande wa nakala na ambacho hakiko upande wa asili kifutwe. Aliyeelewa kusawazisha kuwa ni kupeana atakuta kazi iliyofanywa Bungoma imefutika.

Kiswahili kina neno linalofaa zaidi: kufuatisha. Mtoto hufuatisha mchoro kwa kuweka karatasi juu yake; mchoro hauguswi, karatasi ndiyo hubadilika. Mwelekeo umo ndani ya neno lenyewe. Ikisemwa kwamba rsync huifuatisha saraka ya Bungoma na ile ya Webuye, ni wazi ni upande gani utakaobadilika. Hata hivyo neno zuri haliondoi haja ya tahadhari: kabla ya kutumia --delete, mpimaji aanze na nyongeza ya -n, ambayo humwonyesha yatakayotendeka bila kuyatenda.

5.3 Jumbe za Makosa

Makosa ndiyo mahali ambapo tafsiri ya neno kwa neno huumiza zaidi. Muunganisho ukishindikana, Linux hutofautisha hali zisizopungua tatu. Katika ya kwanza, tarakilishi ya upande wa pili imejibu kwamba haipokei. Katika ya pili, hakuna jibu lolote hadi muda ukaisha. Katika ya tatu, njia ya kuifikia haijulikani. Ikiwa zote tatu zitafasiriwa kwa kauli moja, "Muunganisho umeshindikana", mtumiaji amenyang'anywa habari aliyoihitaji. Katika hali ya kwanza, angekagua kama programu ya seva imewashwa. Katika ya pili, angechunguza kama mashine imezimika au imezuiwa na ukuta wa ulinzi. Katika ya tatu, angetazama waya na anwani.

Utamaduni wa hodi unatoa msaada. Mgeni apigapo hodi, mambo matatu hutofautishwa bila shida: mwenyeji amejibu lakini amekataa, hakuna aliyeitika, au mgeni hakuipata njia ya kufika. Jumbe zaweza kuwa hivi: "Mwenyeji amekataa muunganisho", "Mwenyeji hakujibu, muda umekwisha", "Hakuna njia ya kumfikia mwenyeji". Bahati njema, neno mwenyeji tayari hutumika katika taaluma ya mitandao kwa maana ya tarakilishi inayopokea.

Hali kadhalika, ujumbe unaotolewa faili inapokosekana hupendeza zaidi ukisema "Hakuna faili wala saraka kama hiyo" kuliko ukitumia au. Katika ukanushaji, wala hukanusha vyote viwili bila utata. Na aliyekosa idhini aambiwe "Huna ruhusa", si "Ruhusa imekataliwa"; kauli ya pili humfanya adhani aliomba kitu na mtu fulani akakikataa, ilhali hakuna aliyeomba.

6.0 Pingamizi

Yaweza kusemwa kwamba madai haya ni makali mno. Hata istilahi ya Kiingereza ya kazi hii ina dhana ya kuhamisha, na waitumiao hawapotezi faili zao kila siku. Isitoshe, kupakua kumekubalika kote Afrika Mashariki ingawa ugali uliopakuliwa haubaki chunguni. Maneno hupanuka maana, na matumizi huyasahihisha.

Pingamizi hili lina ukweli. Hakuna sababu ya kulipiga vita neno kupakua, kwa kuwa limeshajenga maana yake mpya na wenye lugha wamelipokea. Lakini kuna tofauti baina ya neno lililokwisha kuzoeleka na neno linalopendekezwa leo. La kwanza limekwisha kulipiwa gharama ya makosa ya waliolitumia mwanzo. La pili bado, na gharama hiyo italipwa na mwanafunzi wa kwanza atakayelitumia akiwa peke yake mbele ya mashine, bila mwalimu. Tena, mzungumzaji wa Kiingereza ana vitabu na miongozo mingi ya kumsahihisha. Msomaji wa Kiswahili mara nyingi ana ujumbe ule mmoja tu ulio kwenye kioo. Kadiri maelezo ya pembeni yanavyopungua, ndivyo neno lenyewe linavyolazimika kubeba zaidi.

Aidha, kuna mipaka isiyovukwa kwa mazoea. Pale ambapo mfumo una amri mbili zenye matokeo tofauti, kama cp na mv, lugha nayo sharti iwe na maneno mawili. Kuziita zote kuhamisha ni kuifuta tofauti ambayo mashine inaizingatia kikamilifu.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba zana ya kupeleka faili hupimwa kwa maswali manne: nini kimebaki, nini kimefika, nini hutokea njia ikikatika, na nani anaweza kuchungulia. Kwa mtafiti aliye Webuye, zana za kuchagua ni sftp na rsync ndani ya SSH. Ftp haifai kwa data yenye ahadi ya usiri. Kanuni ya kazi ni moja: asili isifutwe kabla alama za uhakiki za pande mbili hazijalingana, na kabla nakala ya akiba haijawekwa mahali pa tatu.

Kwa upande wa lugha, imependekezwa kwamba kuhamisha kuachiwe mv, kunakili kuachiwe cp, kupeleka nakala kutumike kwa scp na sftp, na kufuatisha kutumike kwa rsync. Mapendekezo haya hayakutokana na ladha. Yametokana na kuitazama saraka baada ya amri. Mbinu hiyo iko wazi kwa chama chochote cha wanafunzi chenye tarakilishi mbili na waya mmoja, kiwe Kibabii, Kakamega au Eldoret. Kamati ya istilahi inayokaa mezani hujadili kama neno linapendeza. Inayokaa mbele ya mashine hujua kama neno linasema kweli.

Maswali ya Mjadala

1. Fanya jaribio la mabaki kwa amri cp, mv na scp. Eleza matokeo ya kila amri kwa sentensi moja ya Kiswahili isiyotumia neno la kigeni.

2. Faili ya sauti imefika Kitale ikiwa na ukubwa sawa na ile ya Webuye, lakini alama za uhakiki zimetofautiana. Je, asili inaweza kufutwa? Toa sababu.

3. "Kupakua kumefaulu, kwa hiyo kuhamisha nako kutafaulu." Jadili kauli hii kwa kuzingatia nadharia za uundaji wa istilahi.

4. Fasiri upya jumbe tano za makosa za programu yoyote unayoitumia, kisha umpe mtu asiyejua Kiingereza azisome. Je, amejua la kufanya?